Kimbunga Kikitangazwa: Kuhama au Kubaki?

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na kila unapokaribia barua za wasomaji wetu wa Texas, Louisiana na Florida huongezeka. Karibu zote zinauliza jambo moja: tuondoke au tukae? Tumezifupisha na kuficha majina. Ya mwisho imetoka kisiwa cha Mafia, Tanzania, ambako kuna hesabu moja ya bahari ambayo watu wa Ghuba ya Meksiko hawahitaji kuipiga.

Tunakaa Alief, kusini-magharibi mwa Houston, apatimenti ya ghorofa ya pili: mimi, mume wangu na watoto watatu. Gari ni moja. Kila kimbunga kikitajwa, kundi letu la WhatsApp linagawanyika. Nusu wanasema tukimbilie Dallas, nusu wanasema cha daraja la pili si kitu. Tumsikilize nani? (Mama wa watatu, Houston)

Mama, wote wawili wanakupa jibu bila kujua anwani yako, na anwani ndiyo inayoamua.

Tuanze na hilo la daraja. Madaraja ya vimbunga, 1 hadi 5, yanapima kasi ya upepo peke yake. La kwanza huanzia kilomita 119 kwa saa, la pili 154, la tatu 178, la nne 209, la tano 252. Hayasemi lolote kuhusu bahari itapanda kiasi gani wala mvua itanyesha kiasi gani, na maji ndiyo huua watu wengi kuliko upepo. Ike, kilichotua Galveston Septemba 2008, kilikuwa daraja la pili. Lakini kilikuwa kipana mno, kikasukuma bahari hadi mita 4.5 na zaidi juu ya ardhi ya rasi ya Bolivar, na mitaa mizima ikafagiliwa, zikabaki nguzo. Anayesema daraja la pili si kitu hajaiona Bolivar.

Lakini Alief si Bolivar. Kaunti za eneo la Houston na Galveston zimegawa maeneo ya kuhama kwa msimbo wa posta: kwanza Pwani, kisha A, B na C kadiri unavyoingia bara. Maeneo hayo yamechorwa kwa kufuata maji ya bahari yanakoweza kufika. Tafuta msimbo wako kwenye ramani hiyo leo, kabla hakujatokea kimbunga chochote. Alief imo nje ya maeneo yote manne, kwa hiyo bahari haitakufikia, na amri ya kuhama ikitolewa haikuhusu. Ukijiunga na msafara utaziba barabara ya mtu wa Galveston ambaye hana hiari.

Hili lilishatokea. Septemba 2005, wiki chache baada ya Katrina kuizamisha New Orleans, kimbunga Rita kilielekezwa Houston na mamilioni ya watu wakaingia barabarani kwa pamoja, wengi wao wakitoka mitaa isiyohitaji kuhama. Safari ya saa nne kwenda Dallas iliwachukua wengine zaidi ya saa 24. Mafuta yaliisha, magari yakaharibika, joto likapiga watu ndani ya foleni. Zaidi ya watu 100 walikufa katika huko kukimbia, wakiwemo wazee 23 waliokuwa kwenye basi lililowaka moto karibu na Dallas. Kimbunga chenyewe kikapinda, kikatua mpakani na Louisiana.

Linalokuhusu ni maji ya mvua. Harvey, Agosti 2017, kilisimama juu ya Texas kusini-mashariki kwa siku kadhaa, na mji wa Nederland ukapima milimita 1,539. Houston haikuamriwa kuhama, lakini mito ya jiji, hasa Brays inayopita upande wenu, ilimwagika. Nyumba nyingi zilizoingia maji zilikuwa nje ya maeneo yaliyochorwa kwenye ramani za mafuriko, kwa hiyo usiiamini ramani kupita kiasi. Ghorofa ya pili hapa ni bahati. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni jirani yako wa chini, na vizuri mkubaliane mapema kwamba maji yakianza kuingia uani, yeye na watoto wake wapande kwako. Gari lenu lipelekwe kwenye maegesho ya ghorofa siku moja kabla. Mvua ikishaanza, gari haliguswi tena: sentimita 15 za maji yanayokimbia zinamwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kubeba gari dogo, 60 zinabeba karibu gari lolote, hata lile refu ambalo mwenyewe anajisifu nalo.

Kwa hiyo jibu letu kwako ni kubaki, ila ujiandae kwa adui wa tatu, naye ni joto. Beryl, 8 Julai 2024, kilikuwa daraja la kwanza tu, daraja la chini kabisa, na bado wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme Houston na vitongoji vyake, baadhi kwa zaidi ya wiki, katikati ya Julai. Watu walikufa kwa joto ndani ya nyumba ambazo upepo haukuzigusa. Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa kudhani uamuzi ni mmoja tu na hufanywa kabla. Upo wa pili, baada ya kimbunga kupita. Umeme ukikatika, barabara zikikauka, na ndani kukawa hakulaliki, hamieni wakati huo kwa ndugu mwenye umeme, au kituo cha kupozea joto cha jiji. Ndiyo maana tangi la gari lijazwe kabla, kwani pampu za vituo vya mafuta nazo hutumia umeme.

Maji ya kunywa na kupikia: lita 4 kwa mtu kwa siku. Nyinyi watano ni lita 20 kwa siku, na tungeweka ya siku saba, lita 140. Beseni la kuogea lijazwe pia, ni la kumwagia chooni. Friji ikifungwa bila kufunguliwafunguliwa hushika baridi saa 4. Friza iliyojaa hushika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Jazeni nafasi tupu kwa chupa za maji mapema ili zigande. Usiku wa upepo lalani kwenye korido ya ndani isiyo na dirisha, na viatu vya watoto viwe karibu na magodoro, kwa sababu vioo vikivunjika gizani mguu ndio wa kwanza kuvikuta.

Ninafanya kazi Texas City na ninaishi Galveston. Najua niko eneo la Pwani, kuhama sibishi. Swali langu ni saa ngapi. Mara ya mwisho niliondoka mapema, kimbunga kikaenda kwingine, nikapoteza siku tatu za mshahara. (Fundi, Galveston)

Fundi, usihesabu kwenda mbele kutoka leo. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa ambayo hutaweza tena kuendesha gari.

Saa hiyo si saa ya kimbunga kutua. Ni saa ya upepo wa kilomita 63 kwa saa, yaani nguvu ya dhoruba, kufika kwako. Baada ya hapo madaraja marefu ya barabarani ni hatari na waokoaji huanza kurudi vituoni. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani hutoa ramani ya saa hizo kwa aina mbili: saa inayotarajiwa zaidi, na saa ya mapema kabisa ambayo upepo huo unaweza kufika. Tumia ya mapema kabisa. Taarifa kamili hutoka kila baada ya saa sita. Kwa saa za Texas ni saa 10 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 4 usiku. Baina ya hizo usijichoshe na runinga, haina jipya, ila angalizo au tahadhari ikishatangazwa huongezwa taarifa ndogo katikati. Angalizo hutolewa saa 48 kabla ya upepo huo kutarajiwa, tahadhari saa 36 kabla.

Tuseme saa ya mapema kabisa ni Jumamosi saa 2 usiku. Toa saa 12 za maji, kwa sababu bahari hutangulia upepo. Ike kilitua saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, 13 Septemba, lakini barabara ya Bolivar ilianza kufunikwa Ijumaa asubuhi, huku watu wakiwa bado wanapakia mizigo. Wengi walinasa, helikopta zikawafuata, na wengine hazikuwawahi. Sasa uko Jumamosi saa 2 asubuhi. Toa safari: kama kawaida ni saa moja na nusu, weka tano. Toa saa tatu za kufunga nyumba na kupakia. Umefika Ijumaa saa 6 usiku, na kwa kuwa hakuna anayependa kuondoka usiku wa manane, ondoka Ijumaa mchana. Hiyo ndiyo saa yako. Iandike, ibandike mlangoni, na ikifika usianze kujadili upya.

Usingoje daraja lipande ndipo uamini. Otis, Oktoba 2023, kilitoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la tano katika muda wa siku moja, kikaipiga Acapulco usiku. Michael cha 2018 kiliendelea kukua hadi kinatua Florida. Vimbunga vinavyokua namna hiyo havikupi siku ya pili ya kufikiri.

Kuhusu mshahara, hasara yako inapungua ukipunguza umbali. Kisiwani unakimbia maji ya bahari, na maji hayo huisha makumi machache ya kilomita kutoka pwani. Huna haja ya Dallas wala hoteli ya siku nne. Jamaa mwenye nyumba imara Katy au Conroe anatosha. Mkubaliane naye mwezi Mei, kimbunga kisisubiriwe, na umpelekee gunia la mchele kabla, maana mgeni wa kimbunga huja na tumbo.

Niko Fort Myers, Florida, naishi kwenye nyumba ya trela, umbali wa kilomita sita hivi kutoka baharini. Jirani aliyekuwapo hapa tangu kimbunga Charley anasema maji hayajawahi kufika. (Dereva)

Kaka, trela huhamwa kila kimbunga kikitangaziwa tahadhari, hata cha daraja la kwanza, hata ingekuwa juu ya kilima. Hili halina mjadala wa ramani. Upepo huinua trela kutoka chini na kuikunja, na mikanda ya kuifunga ardhini husaidia kidogo tu.

Hoja ya jirani yako ndiyo inayotusumbua zaidi, kwa sababu imewaponza watu hapohapo mjini kwenu. Charley cha Agosti 2004 na Ian cha Septemba 2022 vilitua kisiwa kilekile, Cayo Costa, vyote daraja la nne, kwa upepo unaolingana. Charley kilikuwa chembamba na cha kasi, kikapita kabla hakijakusanya bahari. Maji yalipanda kama mita 2. Ian kilikuwa kipana na cha polepole, nacho kilipandisha maji mita 3 hadi 4.5 Fort Myers Beach. Waliobaki kwa kukumbuka Charley walikuta sebule zimejaa hadi darini. Kumbukumbu ya mtaa inapima kimbunga kilichopita, na kila kimbunga kina upana wake, mwendo wake na pembe yake ya kuingilia.

Lingine ni ile koni kwenye ramani ya utabiri. Siku chache kabla ya Ian kutua, mstari wa katikati ulielekea Tampa, na wengi wa kusini walitulia. Koni inaonyesha tu mahali ambapo kitovu kinaweza kupita, na takriban mara moja katika kila tatu kitovu hutoka nje yake. Koni haionyeshi upepo, mvua wala bahari vitafika wapi. Vinaenea mbali nayo. Amri ya kuhama katika kaunti yenu ilitolewa asubuhi ya 27 Septemba, na Ian kilitua alasiri ya kesho yake. Mwenye trela asingoje amri.

Florida maeneo yenu yana herufi, A ikiwa ya kwanza kuhama. Usichanganye herufi hiyo na ramani ya mafuriko ya bima. Ni ramani mbili tofauti, na mtu anaweza kuwa salama kwenye moja na hatarini kwenye nyingine. Na kwa kuwa umegusia bima kwenye barua yako: bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia. Kuinunua kimbunga kikiwa Kuba ni kuchelewa.

Nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, Beaumont, Texas. Meneja ametuambia asiyefika kazini wakati wa kimbunga asirudi tena. Ana haki? (Dada wa zamu ya usiku)

Sheria ya kazi ya Texas, sura ya 22, inamkataza mwajiri kumfukuza au kumbagua mfanyakazi aliyeacha kazi ili kuhama, iwapo amri ya kuhama imetolewa kwa umma. Iwe amri, si ushauri. Lakini kuna walioondolewa: watoa huduma za dharura, na wale ambao kazi yao inahitajika kwa usalama na ustawi wa watu, mradi mwajiri awape mahali salama pa kujihifadhi. Mhudumu wa wazee anaweza kuingizwa kwenye kundi hilo, kwa hiyo usiikimbilie sheria hii kama ngao kamili.

Njia bora ni kuuliza kabla ya msimu, kwa maandishi. Kila nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, inatakiwa kuwa na mpango wa dharura ulioandikwa. Uliza: jengo liko eneo gani la kuhama? Wazee watahamishiwa wapi, na kwa mabasi ya nani? Kikosi cha kukaa wakati wa kimbunga ni nani, na kikosi cha kuwapokea kitaingia lini? Je, anayekaa anaruhusiwa kuja na watoto wake? Mahali pengi huruhusu, ila hawatangazi. Meneja akishindwa kujibu swali la kwanza, una sababu ya kutafuta kazi kwingine kabla ya Agosti.

Mama yangu ana miaka 71, ana kisukari na anasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Tuko New Orleans, hatuna gari. (Binti yake)

Mpe mama shikamoo zetu. Kwake yeye jibu ni kuhama, na kuhama mapema kuliko majirani, kwa sababu kliniki ya figo bila umeme na maji safi haifanyi kazi, na mama hawezi kungoja wiki.

Msitegemee kwamba jiji litawahi kutoa amri. Ili New Orleans igeuze barabara zote kuu zielekee nje, inahitaji kama saa 72. Ida, Agosti 2021, kilikuwa kimbunga kamili Ijumaa na Jumapili kikatua kikiwa daraja la nne. Meya alisema wazi kwamba muda wa amri ya kuhama jiji zima hautoshi. Kwa asiye na gari, jiji lina vituo 17 ambako mabasi huchukua watu bure pale amri inapotolewa. Utavitambua kwa sanamu ndefu za chuma za mtu aliyenyoosha mkono juu. Jueni kilicho karibu nanyi, na mjiandikishe jijini kama kaya yenye mgonjwa, ili afuatwe mlangoni.

Kimbunga kikiingia tu kwenye ghuba, piga simu kliniki siku hiyohiyo na uombe mambo matatu: asafishwe kabla ya siku yake, apewe karatasi ya maelekezo ya matibabu yake, na kliniki itafute nafasi mji mnaokwenda. Akichelewa kusafishwa, kuna mlo wa dharura wa siku tatu ambao kliniki itakupa kwa maandishi. Msingi wake ni maji machache mno, kama nusu lita kwa siku pamoja na chai, na kuacha chumvi, ndizi, viazi, maharage, nyanya na juisi ya machungwa, kwa sababu potasiamu ikizidi moyo unasimama. Tunalisema hili kwa mkazo kwa kuwa vyakula vya kopo vinavyogawiwa makambini vimejaa chumvi, na maharage ndiyo ya kwanza kugawiwa.

Insulini ambayo haijafunguliwa ikae na baridi lakini isiguse barafu, maana ikiganda imekufa. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, huvumilia nje ya friji hadi siku 28, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hilo hupitwa kwa dakika chache.

Je, makambini watatuuliza karatasi za uhamiaji? Na nasikia hawana mtu wa Kiswahili. (Houston)

Makambi ya Msalaba Mwekundu hayahitaji uwe raia, wala hayahitaji karatasi za uhamiaji ili ulale na kula. Texas, piga 211, sema "Swahili", subiri. Wana huduma ya wakalimani kwa simu. Namba hiyohiyo ndiyo ya kujiandikisha kama huna usafiri au una mlemavu nyumbani, lakini jiandikishe msimu haujaanza. Karatasi zenu zichukueni hata hivyo, kwenye mifuko miwili ya plastiki yenye zipu, na picha zake mzitume kwa ndugu aliye jimbo lingine. Kupata kadi mpya ya ukaazi ni kazi ya miezi.

Tumeamua kubaki. Jenereta tunaweza kuiweka kwenye baraza lililoezekwa, isinyeshewe? Na tubandike mkanda kwenye vioo? (Lake Charles, Louisiana)

Hapana, na hapana.

Laura kilipopiga mji wenu Agosti 2020, Louisiana ilipoteza watu wengi zaidi kwa moshi wa jenereta kuliko kwa maji ya bahari. Gesi yake, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huingia kwa dirisha lililo wazi kidogo au kwa tundu la kiyoyozi. Iwe angalau mita 6 kutoka ukutani, bomba la moshi lielekee mbali na nyumba yako na ya jirani. Baraza, gereji na chini ya dirisha ni marufuku, hata mlango ukiachwa wazi. Mvua ikinyesha, izimeni. Nunueni kengele ya gesi hiyo inayotumia betri. Jiko la mkaa nalo halina nafasi ndani, na tunawasema hasa nyinyi mnaopenda kuliingiza jikoni umeme ukikatika.

Mkanda hauzuii kioo kupasuka. Hufanya vipande viwe vikubwa na vizito zaidi. Plaiwudi ya milimita 16, ipite ukingo wa dirisha pande zote, ifungwe kwa skrubu kwenye fremu ya ukuta, si misumari, na isishikizwe kwenye fremu ya dirisha. Kateni sasa na muandike namba ya dirisha kwenye kila ubao. Halafu mlango wa gereji: ukivunjika, upepo huingia na kusukuma paa kutoka ndani. Mkiona ghafla upepo umetulia na nyota zinaonekana, msitoke kukagua. Hicho ni kitovu, na upepo utarudi kutoka upande wa pili, mara nyingi ndani ya nusu saa.

Mimi ni mvuvi wa Mafia. Mwaka 2021 tulitishwa na Jobo, kikafia baharini. 2024 ikaja Hidaya, nayo ikafika imechoka. Huku hakuna maeneo A wala B, hakuna mabasi. Tunaamuaje? (Mvuvi, Kilindoni)

Kaka, ni kweli vimbunga vyetu mara nyingi hufika vimenyong'onyea, kwa kuwa karibu na ikweta kani inayovizungusha ni ndogo. Lakini kile cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini, kile cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi, na Kenneth cha 25 Aprili 2019 kilitua Cabo Delgado na upepo wa kilomita 220 kwa saa, jirani tu na Mtwara iliyokuwa imeshatangaziwa tahadhari. Aprili na mwanzo wa Mei ndiyo miezi ya kuangalia.

Hesabu ambayo watu wa Texas hawana ni ya maji kujaa na kupwa. Ghuba ya Meksiko maji hayapandi hata mita moja kwa kawaida. Kwenu, wakati wa bamvua, tofauti inazidi mita 3. Kimbunga kikifika maji mafu yakiwa yamepwa, bahari itainuka mita moja na isifike hata alama ya kawaida ya bamvua. Kilekile kikifika bamvua ikiwa imejaa, mita hiyo inaongezeka juu ya kilele, na nyumba za ufukweni zimekwisha. Kwa hiyo taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoka, iweke pamoja na hesabu yako ya mwezi. Wewe mvuvi unaijua kuliko sisi.

Ya pili ni upande. Huku kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, walio kusini mwa kitovu ndio wanaopigwa na upepo wa kutoka baharini, unaosukuma maji nchi kavu. Walio kaskazini hupata upepo wa kutoka bara. Utabiri ukisema kitovu kitapita kaskazini mwa Mafia, usifurahi.

Maeneo jichoreeni wenyewe. Wazee wanajua bamvua kubwa kuliko zote ilifika wapi. Ongezeni mita mbili juu ya hapo, na kila nyumba iliyo chini ya mstari huo huhama rangi ya taarifa ikifika chungwa, yaani Tahadhari, bila kungoja nyekundu ya Tahadhari Kubwa. Nyumba ya makuti na udongo, hata ikiwa juu ya mstari, ihamwe kwa ajili ya upepo: nendeni shule au msikiti wa matofali wenye paa lililofungwa vizuri, mkiuliza kwanza kama mbao za paa zimefungwa ukutani kwa nondo au mikanda ya chuma, maana bati lililopigiliwa juu juu hukata watu.

Vyombo viondoeni mapema. Ngalawa zivutwe juu ya mstari, zifungwe kwenye minazi miwili zikiwa zimejazwa mchanga. Mashua kubwa ziingizwe ndani ya mkondo wa mikoko, kamba nyingi pande zote, zenye ulegevu wa kutosha kupanda na maji. Kamba fupi ndiyo huzamisha chombo maji yanapoinuka. Injini ishushwe, ipelekwe nyumbani. Asibaki mtu kulinda chombo. Na kuvuka kwenda Nyamisati, bara, siku moja kabla, mawimbi yakiwa yameshaanza, ni hatari kuliko kubaki kisiwani juu ya mstari wenu. Anayetaka kuvuka avuke siku mbili au tatu kabla, la sivyo akae.